Kutoa bei ya boti iliyokwishatumika: kwa wanaoanza kazi Ziwa Kivu

Ndugu zangu mnaoanza kazi ya ziwa, karibu wote mnaniuliza jambo lile lile: "Papa, boti ya mbao ya mita 12 yenye moteri ya nguvu farasi 40, nitoe ngapi?" Siwezi kukujibu nikiwa nimekaa nyumbani Nyawera, Bukavu, na anayekujibu kabla ya kuiona boti hiyo anakupoteza. Boti iliyokwishatumika haina bei moja. Ni vitu vitatu vimefungwa pamoja: chombo cha mbao, moteri, na karatasi. Kila kimoja kina bei yake na ugonjwa wake, na muuzaji hodari atakuonyesha kile kilicho kizima ili usahau vile viwili. Ukijua kuvitenganisha, utaweza kutaja bei na kuitetea mbele ya mtu yeyote.

Siku ya kwanza nenda bila pesa. Ukiwa na dola mfukoni mkono wako utawasha, na komisioneri, yaani dalali, atauona. Komisioneri si adui. Mara nyingi ndiye anayejua boti gani inauzwa Muhanzi, Kalehe au Kituku kabla watu hawajasikia. Ila malipo yake yanapanda bei ikipanda, kwa hiyo usimwachie yeye kukutajia kiasi. Mwambie tangu mwanzo utamlipa nini, kiasi kisichobadilika, kisha umwombe anyamaze wakati wewe na mwenye boti mnaongea.

Anza na mbao. Waulize imechongwa kwa mti gani na lini. Mkaratusi ni rahisi na unapatikana kila mahali, lakini hupasuka kwenye misumari. Mbao ngumu za msituni hudumu zaidi na bei yake ni nyingine kabisa. Chukua kisu chenye ncha, ingia ndani ya boti, inua mbao za kukanyagia, na uchome pale maji yanapolala: pembeni mwa mkuku (mti mkuu wa chini), chini ya mataruma (mbavu za boti), na pale tezi, yaani sehemu ya nyuma, inapobebeshwa moteri. Mbao nzima inakataa kisu. Mbao iliyooza inakipokea. Hapo pa moteri ndipo ninapotumia muda mrefu kuliko pengine pote, kwa sababu mtetemo wa moteri hulegeza misumari, maji huingia taratibu, na kuoza huanzia ndani ambako jicho halifiki. Shika tezi kwa mikono miwili uitikise. Ikicheza hata kidogo, kazi ya kuifunga upya ni kubwa, na lazima itoke kwenye bei.

Mtaona vipande vya bati vimepigiliwa juu ya nyufa. Visiwaogopeshe, boti karibu zote za mbao ziwani zina bati mahali fulani. Ninachokiogopa ni bati jipya na rangi mbichi kwenye boti inayouzwa wiki hii. Mwambie mwenyewe kwa heshima, "Mzee, naomba tufungue hili moja." Akikubali, mengi yameshajulikana. Akikataa, andika gharama ya ubao mzima mpya mahali hapo, kana kwamba umeshauona umeoza.

Kuna jambo linalowachanganya wageni kila kiangazi. Boti iliyokaa nchi kavu kwa wiki kadhaa mbao zake hunyauka, na ukiitia majini itavuja kila upande. Muuzaji atasema, "Itakunywa maji, itafunga yenyewe." Mara nyingi ni kweli. Basi iacheni majini siku mbili, kisha mrudi. Uvujaji wa ukavu hupungua saa kwa saa. Usiopungua unatoka kwenye tundu la msumari, ufa, au kalafati (pamba ya kuzibia mianya ya mbao) iliyokwisha. Usitoe bei yoyote kabla ya siku hizo mbili, hata wakikuambia kuna mnunuzi kutoka Idjwi anayekuja jioni na pesa taslimu. Huyo mnunuzi wa Idjwi hutajwa katika kila mauzo.

Tuje kwenye moteri. Ukifika, kabla ya salamu ndefu, weka kiganja juu yake. Ikiwa ya moto, wameiwasha kabla hujafika, na wewe unataka kuiona ikiwaka baridi. Rudi siku nyingine. Ikiwaka, tazama maji ya kupozea yakirushwa nyuma: yatoke mfululizo na kwa nguvu. Yakidondoka, pompu ya maji imechoka au njia zimeziba. Fungua skrubu ya chini ya gia uache mafuta kidogo yatoke. Yakiwa na rangi ya maziwa, maji yameshaingia kwenye gia na sili zimekufa. Halafu umlete fundi wako, si wao, apime mgandamizo wa silinda. Namba hutofautiana kwa aina ya moteri, lakini silinda za moteri moja zisipishane zaidi ya asilimia 10. Tazama pia kama kuna ukoko mweupe wa chumvi kwenye boliti na chini ya kifuniko. Ziwa letu ni maji matamu. Ukoko huo unaonyesha kwamba moteri ilifanya kazi baharini kabla ya kuletwa huku, na chumvi inaendelea kula chuma ikiwa imefichika.

Mwinuko wa ziwa nao una hesabu yake, na wengi hawaiweki. Kivu iko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na moteri hizi hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Kwetu hasara inakaribia asilimia 15. Moteri iliyoandikwa 40 inakusukuma kwa nguvu ya 34 hivi, na huku inaendelea kunywa mafuta: ukiikaza mpaka mwisho, moteri ya 40 ya kuchanganya oili inamaliza karibu lita 18 hadi 20 kwa saa. Kwa hiyo muuzaji akisema "hii inaenda mwendo huu," mwambie akuonyeshe boti ikiwa na mzigo. Jaza mifuko ya mchanga kwa uzito wa abiria unaokusudia kuwabeba, na mtoke baada ya saa sita mchana, hasa kati ya Juni na Agosti, upepo wa kusini unapoinua mawimbi. Asubuhi ziwa limetulia na kila boti ni nzuri. Moteri ikikabwa isifikie mzunguko wake, huenda kosa ni elisi (propela) tu, na elisi yenye mkunjo mdogo ikalimaliza. Hilo ni tatizo la bei ndogo. Lijue wewe, na lisikutishe.

Sasa kuhusu abiria, hapa naomba mnisikilize vizuri. Muuzaji atakuuzia boti kwa idadi ya watu: "Hii inabeba 80, hesabu nauli, utaona pesa yako imerudi." Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama mbele ya Kituku, Goma, ikiwa karibu kabisa kufika, imejaa kupita uwezo wake, na makumi ya watu wakafa huku watu wa nchi kavu wakiwaona. Ukinunua kwa hesabu ya boti iliyojazwa kupita kiasi, umeshajifunga: ili pesa yako irudi itakubidi uijaze hivyo kila siku. Fanya hesabu yako kwa idadi iliyoandikwa kwenye ruhusa ya boti, na kila mtu awe na jaketi la kuokoa maisha. Kama kwa idadi hiyo biashara hailipi, bei anayoitaka ni kubwa mno, na hiyo ni hoja halali ya kumwambia usoni.

Kidogo kuhusu mashua za tanga, kwa kuwa wapo wageni wanaoondoka na kuziacha. Nyingi ni za fibaglasi. Gonga mwili wote kwa mpini wa plastiki: palipo pazima hulia kwa ukali, palipoingia maji hulia kwa uzito. Kanyaga sakafu ya juu. Ikibonyea, ubao wa ndani umeoza. Pitisha kitambaa kwenye nyaya zinazoshika mlingoti, kikinasa kuna uzi uliokatika. Vuta mshono wa tanga kwa kidole, maana jua la huku huua uzi kabla ya kitambaa. Lakini kilichonivutia kwa watu wa mashua hizi ni utaratibu wao wa kununua. Ulaya na Marekani mnunuzi hutoa bei kwa maandishi kwanza, huweka amana, kwa kawaida asilimia 10, kisha ndipo mkaguzi asiye wa upande wowote hukagua chombo na wote huingia nacho majini kukijaribu. Kasoro kubwa ikionekana, bei huzungumzwa upya au mnunuzi anarudishiwa amana yake. Sisi tunakagua kwanza, na nadhani kwa mbao zetu ndiyo njia bora. Ila bei yenye masharti ni kitu cha kuiga kabisa.

Karatasi sitazizungukia sana, lakini ndizo zinazoleta kesi. Linganisha namba ya moteri iliyo kwenye kibati chake na ile ya kwenye karatasi, herufi kwa herufi. Kibati kikiwa kimekwanguliwa, ondoka. Mwanzoni mwa 2025, vita vilipofika Goma kisha Bukavu, mali nyingi zilibadili mikono usiku, na moteri ni rahisi kufungua na kubeba. Nenda wewe mwenyewe kwenye ofisi ya komisaria wa ziwa, wanakoandikisha boti, uulize boti hiyo imeandikwa kwa jina la nani na inadaiwa nini. Kama mwenyewe amefariki, usinunue kwa mtu mmoja, hata akiwa na funguo na karatasi zote: mjane, watoto wakubwa na mzee wa familia watie sahihi pamoja. Na kaa na wafanyakazi wa boti uwanunulie chai. Kama hawajalipwa, watakuambia, na deni lao litakufuata wewe.

Baada ya hayo yote, ndipo unapoketi kuandika. Tuseme muuzaji anataka dola 4,000. Umezunguka, umeona kwamba boti ya ukubwa huo, nzima, yenye moteri ya umri huo, huuzwa 3,500. Mbao mbili na kalafati mpya ni 250. Pompu na sili ni 150. Madeni ya karatasi ni 200. Jumla 600. Basi mwisho wako ni 2,900, na mwanzo wako uwe 2,600. Namba hizi nimezitunga ili muone njia. Za kwenu zitatoka kwa mafundi wenu. Usianze na 1,500 kwa kudhani ni ujanja. Mzee aliyechongesha boti hiyo na kusomeshea watoto ataona umemdharau, atafunga mazungumzo, na hatayafungua hata ukirudi na 3,000.

Mwonyeshe hesabu yenyewe. "Mzee, boti yako naiheshimu. Ikiwa nzima ni 3,500. Mbao hizi mbili, gia hii, na deni lile pale komisaria, yote haya nitayalipa mimi. Ninatoa 2,600, na bei yangu inasimama mpaka Jumamosi." Halafu nyamaza. Vijana wengi hawavumilii ukimya huo, wanaongeza wenyewe kabla hajajibu. Mwache ashauriane na mama wa nyumba. Akisema 3,200, mwulize ni kasoro gani kati ya zile anayoweza kuitengeneza yeye. Mara nyingi ana shemeji fundi, na ubao utapigwa kwa nusu ya bei. Kama unafuatilia boti ya sambaza, wale samaki wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa, peleka bei yako wakati wa mbalamwezi. Taa hazivuti samaki mwezi ukiwa mkubwa, wavuvi wanapumzika, na mwenye boti ana muda na sababu ya kukusikiliza.

Mkikubaliana, usilipe yote. Toa avansi (malipo ya awali) ndogo na uandikiwe disharji, yaani hati ya kupokea pesa, yenye majina, namba ya moteri, bei kamili, tarehe ya kumaliza, na sentensi inayosema avansi inarudi kama majaribio ya mwisho au karatasi vitakuwa na kasoro. Mashahidi wawili wa kila upande, na mke wa muuzaji awe mmoja wao. Siku ya malipo leta noti safi. Dola iliyochanika kidogo tu itakataliwa na mtaanza ugomvi juu ya jambo lililokwisha. Pesa ihesabiwe mbele ya mashahidi, akti ya mauzo itiwe sahihi, kisha mwende wote wawili komisaria kubadili jina siku hiyo hiyo. Tanki, nanga, makasia na jaketi vyote viwe vimeandikwa, la sivyo vitabaki kwa shemeji. Na moteri ifunguliwe kwenye tezi jioni hiyo, ilale nyumbani kwako, hata kama nahodha wa zamani ameahidi kuilinda.