Tegemezi si tegemeo

*Swali: Ninaandika mwongozo wa Kiswahili kwa vijana ninaowafundisha kutunza seva za Debian, mfumo endeshi wa Linux. Kifurushi cha programu kikiwa hakifanyi kazi bila kingine, mwenzangu anakiita hicho kinachohitajika "kitegemezi". Neno linanikera, ila sina hoja. Halafu, apt update na apt upgrade zote mbili ni "kusasisha"?*

Hoja unayo, tena ya siku nyingi. Mzazi anapojaza fomu ya bima ya afya, kwenye nafasi ya wategemezi huandika majina ya nani? Ya watoto wake, wale wanaomtegemea. Hajiandiki mwenyewe. Yeye ndiye tegemeo lao.

Sasa chukua nginx, programu ya kuhudumia tovuti. Ukiisakinisha, apt, programu ya Debian ya kuleta na kuondoa vifurushi, huleta pia maktaba za msimbo ambazo nginx inazihitaji, libssl ya kusimba mawasiliano ikiwamo, kwani bila hizo nginx haiwaki. Nani anamtegemea nani? Nginx ndiyo tegemezi. Libssl ni tegemeo. Mwenzako amewageuza, mtoto kawa mzazi.

Sarufi iko upande wako. Majina yanayoishia kwa -zi kutokana na vitenzi vya namna hii humtaja mtendaji: mlezi hulea, mtetezi hutetea, mkimbizi hukimbia. Yale ya -o mara nyingi hutaja kinachotokana na tendo au pale tendo linapoelekea. Mkimbizi ndiye anayekimbia, kimbilio ni pale anapokimbilia. Vivyo hivyo, tegemezi hutegemea na tegemeo hutegemewa.

Nalisisitiza hili kwa sababu lina madhara kazini. Mwambie kijana "usiondoe libssl kabla ya kuangalia vitegemezi vyake". Kwa Kiswahili sahihi ataangalia programu zitakazoanguka libssl ikiondoka, na hiyo ndiyo tahadhari inayotakiwa. Kwa Kiswahili cha mwenzako ataangalia vitu ambavyo libssl yenyewe inavihitaji, aridhike, kisha aondoe. Apt itamwonyesha orodha ya vitakavyoondoka pamoja nayo na kumwomba athibitishe, lakini aliyekwisha kuridhika huthibitisha bila kusoma.

Pingamizi moja nalikubali: wingi wa tegemeo, yaani mategemeo, watu wengi hulitumia kwa maana ya matarajio. Kwa hiyo mara ya kwanza andika "vifurushi vinavyotegemewa", kisha endelea na mategemeo. Ukifika kwenye apt autoremove utaliona linavyofaa: amri hiyo huondoa mategemeo yaliyoletwa na apt yenyewe na ambayo sasa hayana tegemezi hata mmoja.

Kuhusu kusasisha, kitenzi hiki kimetoka kwenye "sasa", kukifanya kitu kiwe cha sasa, hivyo kinazifaa amri zote mbili. Tatizo ni kukiacha bila yambwa, yaani bila kutaja kinachosasishwa. Apt update haigusi programu hata moja. Inachukua upya orodha ya vifurushi kutoka kwenye hazina, basi. Anayebadilisha programu ni apt upgrade. Kijana aliyesoma "sasisha seva" akaishia kwenye update atalala akiamini mianya ya usalama imezibwa, na haijazibwa. Mimi ningeandika "huisha orodha" kwa ya kwanza, maana kuhuisha taarifa tumekwisha kulizoea maofisini, na "sasisha programu" kwa ya pili. Amri zenyewe ziache zilivyo. Kompyuta haitazielewa ukizitafsiri.

Umetumia "kutunza seva", nimefurahi. Ukiandika "sakinisha" pia hukosei: limetoka kwenye sakini, kukaa mahali, ndugu yake maskani. Lakini usilipe "sanidua" kuwa kinyume chake. Hilo limejengwa juu ya sanidi, si juu ya sakinisha, kwa mfano wa funga na fungua. Kwa apt remove, "ondoa" linatosha. Na kwa kuwa remove huyaacha mafaili ya mipangilio ndani ya folda ya /etc, apt purge iandike kwa urefu wake: "ondoa pamoja na mipangilio".