"Kipeo cha tatu" au "mara tatu"?

SWALI: Ninaandaa maelezo ya aljebra kwa Kiswahili. Katika kurahisisha x³ × x⁴, je, ni sahihi kuandika "x mara tatu zidisha kwa x mara nne"? Na ile namba ndogo ya juu iitwe kipeo au kipeuo?

JIBU: "X mara tatu" haifai hapa, kwa kuwa neno "mara" humpeleka msomaji moja kwa moja kwenye kuzidisha, naye ataelewa 3x. Ukiweka 2 mahali pa x, x mara tatu ni 6, ilhali x kipeo cha tatu ni 8. Hata maelezo yaliyozoeleka ya "x iliyozidishwa kwa yenyewe mara tatu" yana utata, maana anayeyafuata neno kwa neno ataweka alama tatu za kuzidisha, apate x × x × x × x, ambayo ni kipeo cha nne. Ni salama zaidi kusema kwamba x³ ni zao la vigawo vitatu, kila kimoja kikiwa x.

Kanuni nayo isikatwe mno. Msemo wa darasani "ukizidisha, jumlisha" hauelezi kinachojumlishwa, na ndiyo sababu wapo wanaoandika kwamba 2x³ × 5x⁴ ni 7x⁷, ilhali jibu ni 10x⁷. Andika hivi: "Herufi inapokuwa ileile, zao lake hupatikana kwa kujumlisha vipeo, namba zilizoitangulia huzidishwa kama kawaida." Katika kugawanya, vipeo hutolewa. Lakini x³ + x⁴ haigeuki kuwa x⁷, kwa sababu hapo hakuna kuzidisha kokote kati ya mitajo hiyo miwili.

Penye mabano, neno "yote" lina kazi kubwa. (x³)⁴ husomwa "x kipeo cha tatu, yote kwa kipeo cha nne", na hapo vipeo huzidishwa, jibu likawa x¹². Vivyo hivyo "mbili x, yote kwa kipeo cha tatu" ni 8x³. Ukiliacha neno hilo, msikilizaji ataandika 2x³, na kwa haki kabisa.

Namba ndogo ya juu ni kipeo. Kipeuo ni njia ya kurudi: kipeo cha pili cha 9 ni 81, kipeuo cha pili cha 9 ni 3.