Oili ya Giaboksi kwa Lori Kuukuu

SWALI: Ndugu Mhariri, ninamiliki lori kuukuu aina ya Freightliner lenye giaboksi ya Eaton Fuller. Fundi wangu hapa Morogoro anashauri nitie humo oili nzito ya difu (gia za ekseli zinazozungusha magurudumu), daraja la GL-5, pamoja na dawa ya kuongeza ulaini, ili mvumo upungue. Je, nikubali?

JIBU: Hapana, ndugu yangu, usikubali. Oili ya GL-5 ina viungo vingi vya salfa na fosforasi vinavyolinda meno ya difu, ambayo husuguana kwa mgandamizo mkubwa, lakini giaboksi inapopata joto kali viungo hivyo huweza kula sehemu za shaba. Mtengenezaji anataka oili ya sintetiki ya SAE 50 (kipimo cha uzito wa oili) iliyokusudiwa giaboksi hizo, tena hataki uongeze dawa yoyote wala uchanganye oili. Oili nzito huweza kufunika mvumo huku beringi ikiendelea kulika, na inaniuma kuona giaboksi nzima ikipotea hivyo. Mwaga oili ingali ya moto, ukague chembe za chuma, kisha ujaze hadi ukingo wa chini wa tundu la kujazia, lori likiwa mahali tambarare.