Kadi Inafuata Fremu: Majibu kwa Mnaounda Pikipiki Upya

Tangu nilipoandika kuhusu kadi za bodaboda, ujumbe mwingi umetoka kwa watu ambao hawakununua pikipiki nzima. Mmoja alipata fremu mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, mwingine alitoa injini kwenye pikipiki iliyogongwa, fundi akaunganisha. Sasa chombo kinawaka, kilichobaki ni karatasi. Nayajibu maswali yaliyojirudia zaidi.

*Nimenunua fremu ya Boxer yenye kadi ya mwenyewe wa kwanza. Injini nimeipata kwa mtu mwingine, nina risiti tu. Naweza kupata kadi yenye jina langu? (Fundi, Tandika)*

Unaweza, mdogo wangu, na umeanza vizuri kwa sababu ulidai kadi pamoja na fremu. Kadi ya usajili inayotolewa na TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, inabeba namba ya pikipiki, namba ya chesisi (ndiyo hiyo fremu), namba ya injini, aina, rangi, ujazo wa injini, mafuta inayotumia na jina la mmiliki. Katika hivyo vyote, chesisi ndiyo pikipiki yenyewe. Injini inaweza kufa ikawekwa nyingine na pikipiki ikabaki ile ile. Fremu ikibadilika, umeshika pikipiki nyingine.

Kwa hiyo una kazi mbili, usizichanganye. Ya kwanza ni kuhamisha umiliki: mkataba wa mauziano uliosainiwa na yule aliyeandikwa kwenye kadi, kadi yenyewe, TIN (namba ya mlipakodi) yako na yake, kisha malipo ya serikali. Ya pili ni kubadilisha taarifa za injini, na hapo risiti ya mkono haikutoshi. Rudi kwa aliyekuuzia akupe mkataba wenye namba ya injini pamoja na nakala ya kadi ya pikipiki ilikotoka. Ukishakuwa navyo, peleka chombo kwa mkaguzi wa magari wa polisi wa usalama barabarani, asome namba kwa macho yake na kuandika taarifa ya ukaguzi. Ukienda TRA na karatasi zinazosema namba moja na chuma kinachosema nyingine, utarudishwa, na wana haki ya kukurudisha.

*Namba kwenye shingo ya fremu haisomeki vizuri. Fundi anasema anaweza kuipiga upya. Nimruhusu? (Msomaji, Mbagala)*

Usimruhusu. Nakuomba kabisa.

Miaka kadhaa nyuma nilinunua pikipiki iliyoundwa upya kwa mtu mmoja hapa hapa mjini. Ilikuwa nyeusi inayong'aa, kiti kipya, hata taa za pembeni zilikuwa za kupendeza. Nilipoipeleka kwenye ukaguzi, mkaguzi alichukua kitambaa, akakilowesha petroli, akasugua shingo ya fremu chini ya usukani. Rangi ikaanza kutoka vipande vipande. Akanionyesha kwa kidole: tarakimu mbili zilikuwa zimezama kuliko wenzake, na 8 moja ilikuwa na mgongo wa 3 iliyokuwapo zamani. Pikipiki ikabaki kituoni. Mimi nikarudi nyumbani kwa daladala na mkataba mfukoni, na niliyemlipa hakupokea simu tena. Iliniuma, na ndiyo maana naandika safu hii.

Kwa hiyo jifunze kusoma namba kabla ya kutoa pesa. Beba kitambaa na chaki. Safisha shingo taratibu, pitisha chaki juu ya namba, futa kidogo, tarakimu zitabaki nyeupe ndani ya mitaro yake. Pikipiki za siku hizi zina namba ya herufi na tarakimu 17, na ndani yake hakuna herufi I, O wala Q, zimeachwa makusudi zisichanganywe na 1 na 0. Ukiikuta O, kuna mtu ameipiga mwenyewe. Fremu za Boxer zilizotengenezwa India huanza na MD2, za TVS huanza na MD6, na zilizotengenezwa China huanza na L. Fremu yenye maandishi ya Boxer kwenye tangi na namba inayoanza na L inakuambia jambo. Zile za Kijapani za zamani zina namba fupi zaidi, hizo zisikutishe.

Kama namba yako imeliwa na kutu tu, iache ilivyo. Usiikwangue wala usiipake rangi, nenda nayo hivyo hivyo kwa mkaguzi pamoja na kadi na mkataba. Kama imesagwa kwa mashine, irudishe kwa muuzaji, na ukipata wasiwasi wa wizi nenda polisi wewe mwenyewe kabla hujakutwa nayo barabarani.

*Mwenye kadi amefariki. Mjane wake yuko tayari kunisainia. (Dada wa Tegeta)*

Pole yake, lakini saini yake peke yake haihamishi mali ya marehemu. Anayetakiwa kusaini ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Familia ikae kikao cha ukoo, iandike muhtasari, wafungue mirathi Mahakama ya Mwanzo. Wasaidie hata nauli, dada, maana wengi huishia njiani kwa kukosa hiyo tu. Pesa yote usiitoe mpaka barua ya uteuzi itoke.

*Nataka kutoa injini ya petroli niweke mota na betri. Kadi itasumbua? (Dereva wa bodaboda, Ubungo)*

Kadi yako inasema petroli na ina namba ya injini ambayo hutakuwa nayo tena, kwa hiyo lazima irekebishwe. Anza na ukaguzi, kisha TRA. Usisahau bima: kampuni ilikubali kubeba chombo kilichoandikwa kwenye karatasi zake, ukigonga mtu na chombo kingine utabishana nao wakati mgonjwa yuko wodini. Leseni yako ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, nayo ilitolewa kwa chombo hicho, wape taarifa.

*Kuna kijana nje ya ofisi anasema atanimalizia kadi kwa siku mbili. (Msomaji, Kariakoo)*

Huyo ni kishoka, wakala wa uongo. Kadi yake inaweza kufanana na ya kweli kwa rangi na karatasi, ila namba haitakuwa kwenye mfumo. Malipo ya serikali hufanywa kwa namba ya malipo kupitia benki au simu, hayapiti mkononi mwa mtu.

*Nimechomelea fremu yangu mwenyewe kwa mabomba. Nianzie wapi? (Mchomeleaji, Buguruni)*

Heshima kwa kazi ya mikono yako, kaka. Tatizo ni kwamba usajili wa kwanza huanzia kwenye karatasi za asili ya chombo, zile za forodha au za kiwanda, na bomba la dukani halina hizo. Kabla ya kutumia pesa nyingine, peleka mchoro na risiti za vyuma TRA na kwa mkaguzi wa magari, uombe jibu la maandishi. Kama unachotaka ni umbo tu, tafuta fremu halali yenye kadi, shingo yenye namba usiiguse, ubunifu wako uanzie kwenye tangi, kiti na mkia.