Komoro kuna hifadhi au fukwe tu?

SWALI: Mhariri habari za kazi, mi na mme wangu tunataka kwenda Komoro, eti kule kuna hifadhi za taifa au ni fukwe tu? Msomaji, Tanga

JIBU: Zipo dada, ila simba usitegemee! Kisiwa cha Ngazidja kuna Karthala, volkano hai ya mita 2,361, ililipuka 2005 majivu yakaharibu matangi ya maji ya mvua ya watu, na kuipanda si mchezo, wengi wanalala hukohuko juu kwahiyo beba koti na maji ya kutosha. Mi lakini ningeanza kisiwa cha Mwali, hifadhi yake ya bahari ya 2001 ndo ya kwanza nchini, pale kijiji cha Itsamia kasa wanapanda ufukweni kutaga usiku, zima tochi. Popo wakubwa aina ya Livingstone nao wapo, msituni.