Jibu: Wanafunzi wanakariri kanuni za mazoezi, uwanjani hawazitumii. Nifanyeje?

Mwalimu mwenzangu, umesema una kidato cha pili chenye watu 70, kwenye mtihani wanazitaja kanuni zote (watu wanatofautiana, ongeza kidogo kidogo, mazoezi yaendane na mchezo, ukiacha uwezo unapungua), lakini kwenye mazoezi ya mzunguko, yale ya kuhama kituo hadi kituo, wanafuata filimbi tu. Mimi nami nafundisha michezo, shule ya kata, uwanja wa vumbi, vifaa vya kuokoteza. Ushauri wangu: acha kuwapangia idadi. Ukisema "pushapu ishirini kila mtu", kanuni umeitumia wewe, wao wametii amri.

Anza na kadi. Kila mmoja achore jedwali la vituo sita kwenye kipande cha karatasi. Vyangu ni kuruka kamba, pushapu, kupanda na kushuka ngazi ya varanda, kunyanyua dumu la maji, kuchuchumaa na kusimama, halafu zoezi la tumbo. Kazi ya miguu isifuatane na ya miguu. Kipindi cha kwanza hakuna kuzunguka, ni kupimana: sekunde 30 kila kituo, mmoja anafanya, mwenzake anahesabu na kuandika. Jozi 35 zinakupa jozi tano au sita kila kituo, hawabanani.

Kisha kila mtu aanze na nusu ya alichopata, raundi tatu. Hilo si langu, ndivyo walivyopanga Morgan na Adamson wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, walioanzisha mazoezi haya miaka ya 1950. Aliyepiga pushapu 16 anafanya 8, aliyepiga 6 anafanya 3. Akimaliza anasubiri filimbi ya kuhama kituo, inayopigwa kila dakika moja. Hutahitaji kuandika ubaoni kwamba watu wanatofautiana.

Utamu unakuja wiki inayofuata, unapowauliza: unaongeza nini, na kwa nini? Waruhusu kitu kimoja tu kwa wakati: idadi, uzito, au kupunguza mapumziko. Dumu la lita tano ni zuri hapa kwa sababu lita moja ya maji ni kilo moja. Mwanafunzi anachora mstari wa kalamu pale maji yanapoishia, wiki nyingine anaupandisha. Binti mmoja anayekaba golini kwenye netiboli alikataa kuongeza maji, akaongeza kuruka, kwa hoja kwamba mipira ya juu ndiyo inayompita. Nilimpa maksi zote. Mazoezi kuendana na mchezo ni hayo hayo.

Mapigo ya moyo nayo wayapime wenyewe, vidole viwili chini ya taya, mara tu wanaposimama. 220 toa umri ndiyo mapigo ya juu kabisa kwa dakika: mwenye miaka 15 anabaki na 205, na alenge asilimia 60 hadi 80 yake, yaani 123 hadi 164. Kwa sekunde 15 ni kama mapigo 31 hadi 41. Ni makadirio, lakini yanatosha kumwonyesha mtegaji kwamba anatega, na mwenye papara kwamba apunguze.

Sasa jambo ambalo vitabu havilisemi. Shule zetu nyingi pushapu na kichurachura ni adhabu. Huwezi kumwadhibu mtoto asubuhi kwa zoezi lile lile unalotaka alipende saa nane. Kichurachura nimekiondoa kabisa, na mwalimu wa nidhamu nilikaa naye tukaelewana kuhusu pushapu. Si kila shule utasikilizwa, ila jaribu.

Wasichana wavae kaptura au traki, wenye pumu uwajue mapema, na usikubali ratiba ikuweke mara tu baada ya chakula cha mchana.

Kadi usizitupe shule ikifungwa. Wapime tena wiki ya kufungua, walinganishe. Wengi hushuka, na hapo hakuna haja ya kuhubiri kwamba ukiacha mazoezi uwezo unapungua. Wangu waliokwenda shamba hawakushuka sana, wakaanza kubishana wenyewe kama jembe linahesabika. Niliwaachia ubishi ukaenda mpaka kengele.

Maksi mimi natoa kwa maelezo ya kadi, siyo kwa wingi wa pushapu. Aliyetoka 8 hadi 10 akajua sababu anampita aliyepiga 30 kwa sifa. Ukishapanga vituo vyako viweke hapa tuvione, hasa kama uwanja wenu una mteremko.