Maswali ya Wasomaji: Funguo za Kiwanda Kikuukuu Zikae kwa Nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni kikundi cha watu wapatao 30, wakiwamo wachoraji, waigizaji, mafundi seremala na walimu wa kisomo. Mwenye kiwanda cha nguo kilichofungwa siku nyingi ametukabidhi funguo kwa maneno ya mdomo tu, ili tukigeuze kuwa kituo cha utamaduni cha jamii. Hatutaki mkurugenzi; tunataka kujiendesha wenyewe. Wenzangu wanahimiza tufungue mwezi ujao kwa onyesho la usiku, lakini mimi nasita. Tuanzie wapi, na tutaamuaje mambo bila mkubwa?

JIBU: Kusita kwako kuna msingi, na ningewaomba wenzako wakubali onyesho hilo lisubiri. Kabla ya kushika brashi ya rangi, jisajilini kama chama au ushirika, kwa sababu ni vigumu mwenye jengo kuwekeana mkataba na watu 30 mmoja mmoja. Kisha andikianeni muda wa matumizi, nani atatengeneza paa, nani atalipa kodi za jengo, na nini kitatokea likiuzwa. Suala la paa lina mtego ambao wengi hawauoni mapema: kikundi huziba sehemu zinazovuja kwa jasho lake, mtaa unachangamka, jengo linapanda thamani, na hapo ndipo mwenyewe anapolikumbuka. Kadiri mtakavyofanya vizuri, ndivyo mtakavyouhitaji mkataba.

Mifano ipo. Mjini Barcelona, Hispania, wakazi waliokuwa wamesubiri miaka mingi ahadi za kuendelezwa kwa eneo la kiwanda cha nguo cha Can Batlló waliingia katika jengo lake moja mwezi Juni 2011, wakaanzisha maktaba, karakana na ukumbi, na mwaka 2019 wakapata makubaliano na serikali ya jiji ya kuyatumia majengo hayo kwa miaka 30, yenye nafasi ya kuongezwa. Mjini Ljubljana, Slovenia, wasanii na wanaharakati walioingia katika kiwanda cha zamani cha baiskeli cha Rog mwaka 2006 waliondolewa kwa nguvu Januari 2021. Nao walikuwa wamejituma kwa takriban miaka 15, ila hawakuwa na makubaliano ya kudumu.

Jambo la pili ni uhai wa watu, na hapa sitalegeza maneno. Usiku wa tarehe 2 Desemba 2016, moto ulizuka wakati wa tamasha la muziki katika ghala la Ghost Ship mjini Oakland, Marekani, ambalo wasanii walikuwa wamelifanya makazi na karakana. Watu 36 walikufa. Onyesho lilikuwa ghorofani, na ngazi zilizokuwapo, mojawapo ikiwa imeundwa kwa mbao za kupangia mizigo, hazikumfikisha mtu moja kwa moja kwenye mlango wa kutokea. Kwa hiyo mwiteni fundi umeme aliyeidhinishwa na maofisa wa zimamoto kabla ya kumwalika mtazamaji hata mmoja. Kama paa ni la asbesto, msilitoboe, msilikate wala kulivunja, maana vumbi lake huleta maradhi ya mapafu, ikiwamo saratani. Kisha simameni katikati ya ukumbi usiku, taa zikiwa zimezimwa, mjaribu kutoka. Mlango unaofunguka kwa kusukumwa na bega la mtu mzima mwenye nguvu, mtoto hataweza kuufungua, basi urekebishwe kwanza.

Kuhusu uamuzi, kukosa mkurugenzi si kukosa majukumu. Kituo cha WUK mjini Vienna, Austria, ambacho tangu mwaka 1981 kimo katika kiwanda cha zamani cha treni chenye eneo la takriban mita za mraba 12,000, kina vikundi zaidi ya 100. Kila eneo la shughuli lina uhuru wake, huku mambo ya wote yakiamuliwa kwa pamoja. Nanyi mnaweza kuuachia mkutano mkuu bajeti, kanuni na wanachama wapya, na kuziachia kamati mambo ya kila siku. Tafuteni mwafaka kwanza. Ukishindikana katika kikao cha pili, pigeni kura, la sivyo atakayeamua ni yule mwenye subira ya kukaa hadi usiku wa manane. Mweka hazina abadilishwe kila mwaka, na daftari lake liwe wazi kwa yeyote atakayeliomba. Funguo ziwe kwa watu watatu wanaopokezana kwa zamu iliyoandikwa ukutani, kwa sababu nimeona mara nyingi kwamba mwenye funguo peke yake, hata akiwa mpole, ndiye anayegeuka bosi.

SWALI: Je, mashine kuukuu zilizobaki tuziuze kama vyuma chakavu?

JIBU: Msiziuze zote. Bakizeni angalau moja, na muwatafute waliofanya kazi hapo. Mfumaji wa zamani atawaonyesha kwa nini sakafu ina mashimo ya boliti yaliyopangana, sehemu gani zege limelowa mafuta kiasi kwamba rangi haitashika, na pengine swichi kuu iko wapi.